Kamba Nne Kutoka Pembe ya Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Sijatulia. Tangu asubuhi nimeshona upande mmoja wa pazia mara tatu na kuufumua mara tatu. Cherehani yenyewe imenichoka.

Kaka alipita. Hakukaa – Kaka hakai siku hizi, anasimama mlangoni na funguo za gari mkononi kama anayeogopa kiti kitamng'ang'ania. Mnunuzi yuko tayari, akasema. Kipande cha mwisho cha shamba, yaani nyumba hii ya ofisi na uwanja wake, kinauzwa kabla mwezi haujaisha. Patasimama ghorofa nne. Chini maduka. Na duka la kona, lenye vioo pande mbili, ni langu! Limo kwenye mchoro, limeandikwa kabisa: mapazia. Akaniwekea mchoro mezani, juu ya kitambaa cha watu, ukiwa na mafuta ya mikono yake.

Nina miaka hamsini na nne. Nashona, napika na kulala katika ofisi ya babu yangu, na cherehani yangu iko kwenye chumba walichokuwa wakipokelea mishahara wakata mkonge. Dirisha la mishahara bado lina nondo zake. Wateja hunipitishia vitambaa hapo, wakicheka kwamba fundi amejifunga jela. Mimi nacheka nao. Miaka kumi na sita nacheka nao, tangu ndoa iliponishinda nikarudi.

Duka la vioo. Nani hataki?

Kaka alishatoa mguu mmoja nje ndipo akasema lililobaki. Mpaka wetu na Mzee Singa haujawahi kupimwa.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kupima madirisha ya daktari wa meno. Nyumba mpya, bado inanuka rangi. Sebule madirisha mawili, vyumba vitatu, na jikoni anataka pazia fupi la maua. Mama mzuri, anaongea huku anatazama meno ya mtu. Nilifunga mdomo.

Jiko lake limekaa juu ya mashine ya kuchana mkonge. Juu kabisa! Nyuma ya nyumba pembe ya msingi wa zege bado imetokeza, ameipangia vyungu vya maua. Sikumwambia. Mtu aliyehamia jana hapendi kusimuliwa ya juzi.

Ndivyo ninavyofanya kila nyumba. Mkono unapima dirisha, kichwa kinapima shamba. Mwalimu wa udereva analala kitalu cha nne. Shule imekaa kitalu cha kwanza, ndicho Baba alichokitoa mwanzo. Maegesho ya duka kubwa ndipo palipokuwa uwanja wa kuanikia singa. Singa ndizo nyuzi za mkonge zikishaoshwa, zikining'inia mistari kwa mistari, nyeupe, sisi watoto tukikimbia katikati na kutoka tunajikuna mpaka usiku. Kituo cha basi bado kina jina la mashine. Abiria wanashuka kila siku wala hawaulizi mashine gani.

Babu alikuwa karani wa kampuni. Kampuni ilipofunga virago akabaki na shamba, kwa ujanja kidogo na ubishi mwingi. Baba akalirithi, zikaja kamba za nailoni, mkonge ukaanguka. Akauza kitalu kimoja, kingine, kingine – kama mtu anayemega mkate kwa pembeni ili usionekane unaisha. Umeisha. Kimebaki kipande tunachokalia, na cha Mzee Singa ubavuni.

Baba yake Singa alikuwa nyapara wa Babu. Singa mwenyewe alizaliwa uwanjani, mama yake akiwa anaanika, jina likamganda. Babu alimpa nyapara ukanda wa ardhi kando ya barabara. Nyapara akauza karibu wote, zimeota nyumba tatu za watu wenye hati zao. Imebaki ncha tu, iliyopakana na sisi: nyumba ya vyumba viwili, kisima, mlimau. Hapo ndipo mzee anapoishi peke yake. Hapo pia, kwa mujibu wa mchoro wa Kaka, ndipo patakapokuwa lango la magari.

Na duka la mapazia.


Alhamisi, 6 Machi

Kikao kwenye baraza yangu. Kaka, mpima ardhi na Mzee Singa, ambaye alivaa koti kwa ajili ya kikao, na jua lote lile.

Hati hakuna. Kuna daftari la Babu tu. Mpima alilisoma kwa sauti, akikunja uso kwa mwandiko: "Kwa nyapara wangu, kamba nne kutoka pembe ya mashine kwenda upande wa ofisi, awe nazo yeye na wanawe." Basi. Mpima akauliza kamba moja ni mita ngapi. Kaka akatazama simu.

Mzee Singa akasema kamba yenyewe ipo. Babu alikuwa na kamba moja ya kupimia shamba zima, iliyosokotwa hapa hapa kwa mkonge wa hapa, ikihifadhiwa darini mwa ofisi. Itafuteni, bwana mpima huyu aipime, nami nitakubali itakachosema. Nilipenda alivyosema. Kaka naye alikubali haraka, mpima akaandika: pande zote mbili zimekubaliana kamba ndiyo iamue. Wakatia sahihi.

Walipoondoka nikabaki na daftari. Babu yangu, kumbe mvivu! Kila baada ya kurasa chache: "Umande. Tumengoja jua." "Mvua jana, leo hatupimi." "Umande tena, watu wamekaa." Mtu aliyeamsha wakata mkonge kabla ya jogoo, kumbe yeye mwenyewe akiona umande anakaa! Nimecheka peke yangu mpaka nimejichoma na pasi.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata. Ilikuwa darini ndani ya gunia, nyuma ya makopo ya rangi. Nzito kama mtoto wa miaka miwili. Imejaa vumbi jeusi na mavi ya panya, na harufu – wacha tu.

Nikasema siwezi kuitoa mbele ya watu hivi. Kamba ya Babu! Nimeiloweka kwenye beseni kubwa na sabuni ya unga, nikaisugua pingili kwa pingili, nimebadilisha maji mara nne. Mgongo umekatika. Lakini ukiiona sasa! Imerudi rangi ya dhahabu. Nimeitandaza barazani ichuje maji kabla ya kesho.


Jumamosi, 8 Machi

Imekwisha. Sijui niandike nini kwanza.

Asubuhi mawingu. Mpima alinyoosha kamba uwanjani, Kaka ncha moja, Mzee Singa ncha nyingine. Mzee aliishika, akaipitisha kati ya vidole, akainusa. Akanigeukia: mmeiosha. Nami kwa fahari zangu – ndiyo Mzee, nimeiosha kwa mikono yangu, imetakata! Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akaivuta.

Mita ishirini na nane. Mara nne, mita mia na kumi na mbili. Tukaandamana kwa daktari wa meno, tukasogeza vyungu vyake vya maua, mpima akaanzia kwenye pembe ya mashine na chombo chake cha miguu mitatu. Tukatembea nyuma yake kupita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mita mia na kumi na mbili zikakwisha kabla ya nyumba ya Mzee Singa. Kabla! Kigingi chenye rangi nyekundu kimepigwa hatua mbili tu baada ya uzio wa jirani yake. Nyumba, kisima, mlimau, vyote viko upande wetu. Yeye kabakiwa na upenyo wa kupitisha mbuzi mwembamba.

Kaka alikohoa. Hata yeye hakutarajia vyote.

Nilingoja mzee apige kelele. Hakupiga. Alivua koti, akalikunja mkononi. "Nilisema kamba iseme. Imesema." Akaingia ndani kwake, yaani kwetu, akafunga mlango taratibu.


Jumapili, 9 Machi

Nimefurahi? Nimefurahi. Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nimechora duka langu nyuma ya karatasi ya mshono. Meza ya kukatia katikati, vitambaa ukutani hadi juu, kioo upande wa barabara na pazia moja jekundu la kuvuta macho.

Halafu nimesimama, nimekaa, nimefagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mchana nikatoka kwenda kuangalia kigingi. Kipo. Nilidhani kingekuwaje?

Mzee Singa alikuwa akichuma malimau yote, hata yale machanga. Akanijazia mfuko. Nikasema Mzee, acha haya yakue. Akasema yatakua kwa nani.


Jumanne, 11 Machi

Nimepeleka mapazia kwa daktari wa meno na kuyatundika. Yamekaa vizuri, pindo linagusa sakafu kama nilivyomwahidi. Sikuloweka kitambaa kabla ya kukata. Kila siku naloweka pamba, naanika, ndipo nakata. Lakini wiki hii kichwa changu hakiko mahali pake, nikasema mara moja tu, hafi mtu.


Ijumaa, 14 Machi

Mzee Singa amepata chumba nyuma ya gereji ya pikipiki. Dirisha moja, ameniambia. Atahitaji pazia, maana mafundi wa gereji wana macho. Anasema bila kunung'unika na hilo ndilo linaloniumiza. Angenitukana ningepumua.

Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Nilipoinama kuchota mmoja akasema kwa mwenzake, ila nisikie, kwamba wenye shamba wakicheka nawe tazama meno yao. Nikabeba ndoo, maji yakanimwagikia miguuni njia nzima.

Mimi nina kosa gani? Kamba aliitaka mwenyewe. Sahihi aliweka mwenyewe. Nimejiambia hivyo nikikata, nikishona, nikiosha vyombo. Mtu asiye na kosa hurudia hivyo mara ngapi kwa siku?


Jumatatu, 17 Machi

Daktari wa meno amekuja na mapazia begani. Fundi rangi alirudi kumalizia dari, akayarashia, yeye akayafua. Akayanyoosha mbele ya dirisha langu la nondo. Yamepanda! Kiganja kizima juu ya sakafu, kama suruali ya mtoto anayerefuka. Akauliza kwa upole wake wa kliniki: fundi, ulipima wewe au alipima mtu mwingine?

Nimeomba radhi mpaka nimeishiwa maneno. Nitamshonea mengine. Kitambaa kipya nimekitia kwenye beseni hapo hapo mbele yake, aone. Nikasema mama, ni uzembe wangu, pamba ikinywa maji hunywea, ndiyo maana huwa naloweka.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu. Beseni ni lile lile.

Amekwisha kuondoka. Nimekaa sakafuni.


Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Kamba ilikuwa imetundikwa juu ya meza ya pasi tangu siku ile, nimeiacha hapo kama pambo. Imekauka kau, inakwaruza. Nimeilaza kwenye meza ya kukatia na kuipima kwa utepe wangu, mita kwa mita kama ninavyopima jora, nikitia alama ya chaki. Nimefika mwisho. Nimeanza upya kutoka ncha nyingine.

Mita thelathini. Thelathini na vidole viwili.

Mara nne ni mia na ishirini. Mita nane. Nimetoka nje na utepe nikapima kutoka kwenye kigingi chao, nikijifanya natafuta kitu kilichoanguka. Mita nane zinapita nyumba ya Mzee Singa, zinapita kisima, zinapita mlimau. Zinaishia pale pale palipo na ua wetu wa michongoma. Pale pale ulipokuwa siku zote!

Niliiosha. Hakuna aliyenituma. Niliona aibu ya vumbi.


Jumanne, 18 Machi

"Umande. Tumengoja jua." Nimelisoma daftari lote tena na kila umande umenipiga kofi. Babu hakuwa mvivu. Mkonge ukilowa hunywea, ukikauka hurefuka tena. Walijua wote, nyapara, wakata mkonge, hata watoto wa uwanjani. Sisi wajukuu tumejua kuuza tu. Na siku aliyompimia nyapara, nimeitafuta – ameandika juu ya ukurasa: jua kali, kamba imekauka vizuri.

Kumpigia simu mdogo wangu aishiye ng'ambo, mrithi mwenzetu, lilikuwa kosa la pili. Amesikiliza, akavuta pumzi, akasema: dada, yaliyopita si ndwele. Yeye alishatuma sahihi yake. Ghorofa inasubiri. Akauliza mvua zimeanza huko? Nikasema zimeanza.

Hakuna ajuaye zaidi ya sisi wawili. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nimelifikiria hilo vizuri, nimeligeuza kama kitambaa kuona upande upi mzuri. Nalitaka lile duka. Nalitaka jamani! Nimechoka kuinama kwenye mwanga wa dirisha la nondo. Vioo pande mbili, na watu waniite kwa heshima wakipita. Mita nane ni nini? Ni mlango na dirisha.

Ni nyumba ya mtu.


Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia Kaka.

Nilikwenda kwake kazini ili asinisimamie mlangoni. Alicheka kwanza. Kisha alifunga mlango. Kisha akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba makubaliano yalikuwa kamba ipimwe siku ile mbele ya wote, ikapimwa. Mzee aliishika kwa mkono wake. Kamba ni ya Babu, akasema, maji ni yako. Usituletee maji yako.

Nikasema Kaka, yule mzee anabomoa paa lake.

Hapo akabadilika. Bila mita zile hakuna lango la magari, bila lango mnunuzi haoni sababu ya kukaa hapa hata dakika. Duka lako nalo sahau, ukazeeke na nondo zako. Akasimama dirishani akinipa mgongo. "Unajua mimi naitwaje hapa kazini mpaka leo? Mwana wa shamba. Shamba liko wapi? Nionyeshe mti mmoja. Nataka liishe tu, nilale." Sauti ilimtoka nyembamba. Nimemwonea huruma, niseme kweli. Tumelala kitanda kimoja utotoni, alikuwa akinipa upande wa ukutani.

Wakati wa kuagana alinishika bega. Ichome ile kamba, akasema. Au irudishe kwenye gunia lake, darini, na panya wake.

Nikatoka zangu. Njia nzima nilikuwa nikijibu.


Alhamisi, 20 Machi

Kamba iko kwenye gunia. Gunia liko chini ya kitanda, si darini. Sijui nimeamua nini.


Ijumaa, 21 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Mapazia ya daktari wa meno nimeyamaliza. Niliyapima mara tano. Ameridhika, akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia ukweli mwingine, kwamba jiko lake limekaa juu ya mashine. Macho yakamtoka kwa furaha! Akaita watu wa nyumbani wote waje waone ile pembe ya zege, akavisogeza vyungu mwenyewe. Anataka nimsimulie siku nyingine, yote, tangu mwanzo. Nikasema nitakuja. Nitasimulia nini sasa, nikifika kwenye kigingi?

Mzee Singa ameshusha mabati ya upande mmoja. Chumba kimoja kiko wazi, nimeona kitanda chake kimefunikwa nailoni. Nailoni!

Kesho saa nne, sahihi. Wote. Pia ya Mzee Singa, maana jirani lazima akiri mpaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa akisema mama. Lakini mama hakusema utamuumbua nani mwingine ukijitangaza. Kaka ataniona adui mpaka kaburini. Nikinyamaza, nitakuwa nakata vitambaa mahali pale pale kilipo kitanda cha yule mzee, kila siku, na kioo pande mbili.

Nisimalize ukurasa huu. Nikilala labda.


Jumamosi, 22 Machi

Saa nne kasoro. Nimekuja kukaa hapa kwenye cherehani yangu kwa sababu mikono haitulii, heri iandike.

Wote wako ng'ambo ya uwanja, ndani ya ghala la zamani, maana ndipo penye meza ndefu. Nawaona kupitia nondo. Mnunuzi ametandaza michoro na kuikandamiza kwa mawe. Kaka kavaa suti ya harusi yake, haifungi tena kifungo. Mpima anakula karanga. Wakili bado.

Kamba nimeikausha tena jana kwa pasi ya moto wa chini, juu ya taulo. Iko mapajani mwangu. Hawajui.


Saa nne na robo. Mzee Singa amekuja dirishani. Ana koti lake. Amepitisha kati ya nondo kipande cha uzi wa katani chenye mafundo mawili, wa dirisha lake jipya: mpaka fundo la kwanza ni upana, mpaka la pili ni urefu. Rangi yoyote, akasema, isiyoonyesha uchafu wa gereji.

Nimeupokea. Hakuondoka.

"Mkavu huo," akasema. "Niliuanika kwanza."

Nikamwuliza Mzee, ulijua? Akasema yeye amezaliwa uwanjani, akiwa na umri wa miaka saba alikuwa akijua kwa vidole singa iliyokauka na ambayo bado. Aliposhika ile kamba ilikuwa ya baridi.

Nikamwuliza kwa nini basi hukusema! Nimepaza sauti, Kaka aligeuka kule ghalani.

Akajibu akitazama uwanja, si mimi. "Nilidhani mmekubaliana, mwanangu. Nikasema, kama wamefika hadi kulowesha kamba ya babu yao ili niondoke, basi niondoke."

Nikaanza – Mzee, niliiosha tu, ilikuwa chafu, niliona aibu – maneno yakatoka yote kwa pamoja, hata mimi mwenyewe nikayasikia yalivyo. Nani angeyaamini? Aliniacha nimalize. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtu kitambaa juani kabla ya kukinunua. Sijui ameona nini. Akasema wakili amefika, asiwaweke watu.

Sasa anavuka uwanja. Anatembea polepole, ameshika koti mbele. Wamempa kiti. Kaka amempa kalamu mapema hii!

Kaka ananiita. Ameinua mkono, ananionyesha saa.

Kumeanza kudondoka. Matone makubwa, yanalia kwenye mabati yaliyobaki ya Mzee Singa. Kutoka hapa mpaka ghalani ni hatua arobaini na mwavuli sina. Ananiita tena, kwa jina la utotoni. Nimefungua vifungo, nimeizungushia kamba kiunoni chini ya gauni, mizunguko yote inayonienea, na iliyobaki nimeikumbatia kifuani chini ya sweta isilowe. Inakwaruza vibaya. Nawapelekea ikiwa kavu.